Inakula Wati Ngapi?

Duka la kompyuta Kariakoo, miaka ile kabla ya 2010, lilikuwa na swali moja: ina GB ngapi? Ukijibiwa mbili, unauliza kama hakuna ya nne. Ukijibiwa nne, mnaanza kuvutana bei. Kadi ya michoro haikuulizwa na mnunuzi wala haikutajwa na muuzaji, kwa sababu kompyuta mpakato, au laptopu kama tulivyozoea kuiita, ilikuwa chombo cha kuandikia barua za ofisi, kusikilizia muziki na kuangalizia filamu. Aliyesema anataka ya kuchezea gemu alitazamwa kama mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Gemu zenyewe tulizijua vizuri. Mtaani kwetu Temeke kulikuwa na vibanda vya PlayStation 2: mashine imefungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, TV ya chogo juu yake, na benchi ambalo ukilikalia huinuki mpaka ufungwe. Unalipa, unacheza mechi moja ya Winning, gemu ya mpira, ukifungwa unampisha anayefuata. GTA San Andreas ilipotoka mwaka 2004 kwenye PlayStation, halafu mwaka uliofuata kwenye kompyuta, ndipo baadhi yetu tulipoanza kuitazama kompyuta kwa jicho jingine. Kumbe kile kitu cha ofisini kinaweza kukuzungusha Los Santos ukiwa kwenu, bila mtu nyuma ya mgongo anayekuhimiza upishe.

Laptopu tulizozimudu zilikuwa za mtumba. Zilizotoka Ujerumani, herufi Z ilikaa mahali pa Y. Zilizopitia Dubai, kila kibonye kilikuwa na herufi ya Kiarabu pembeni. Hilo halikumzuia mtu. Tulichokitafuta tulikipata kwa ujanja mmoja: unamwomba muuzaji aiwashe, unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika dxdiag, kisha unasoma jina la kadi kabla hajaanza kukasirika. Mara nyingi lilitokea jina la Intel, maana yake michoro yote inachorwa na kichipu kidogo kinachoazima RAM ya mashine, na San Andreas itakwenda kwa kudra za Mungu. Likitokea GeForce au Radeon, unameza tabasamu bei isipande.

Hata hizo zenye GeForce zilikuwa na kisa chake. Julai 2008 Nvidia yenyewe, inayoitengeneza GeForce, ilitangaza kwamba inatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinaharibika kupita kawaida; malighafi iliyofungia chipu haikustahimili. Mafundi duniani kote wakajifunza kuipasha bodi kwa hewa ya moto ili kadi ifufuke. Inafufuka kwa muda, halafu inakufa tena. Kwa mkazi wa Dar es Salaam habari hiyo ilikuwa na uzito wake. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chumba kinakuwa na nyuzi 30 na ushee kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasha, na feni ya laptopu haina hewa nyingine ya kuvuta isipokuwa hiyo hiyo.

Jambo la pili lilikuwa umeme. Mgao wa mwaka 2011 uliwafundisha wengi kwamba betri ya laptopu ya gemu ni pambo. Mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kupanda na betri inayozidi wati-saa 100 bila ruhusa maalumu, kwa hiyo watengenezaji wa mashine kubwa wanaishia kwenye 99. Mashine inayokula wati 200 itaimaliza betri hiyo ndani ya nusu saa, na kabla haijaimaliza itakuwa imejipunguzia nguvu yenyewe, kwa sababu betri haiwezi kumimina umeme kwa kasi ambayo chaja inaweza. Umeme ukikatika katikati ya gemu, picha inaanza kukatakata papo hapo. Jenereta dogo la jirani nalo, lenye umeme unaopanda na kushuka, si la kuchomekea chaja ya wati 230. Bora ulale.

Enzi hizo zote jina la kadi lilikuwa ndilo kila kitu, na ilitosha kujua kusoma herufi moja tu: M. GTA V ilipofika kwenye kompyuta Aprili 2015, ikidai nafasi ya GB 65 kwenye diski, watu wengi niliowafahamu walianza kutafuta laptopu zenye GTX 960M, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kazi yangu ya kuchora majengo ilikuwa imeshaanza kuhitaji kadi ya maana. Herufi ile ya M ilikuwa onyo. GTX 960 ya kompyuta ya mezani ilikuwa na viini vya kukokotoa 1,024. 960M ilikuwa na 640. GTX 970 ya mezani ilikuwa na 1,664, ya laptopu 1,280. Ilikuwa tofauti kubwa, lakini angalau waliiandika. Ukiona M unajua umeuziwa mdogo wa mtu.

Mwaka uliofuata ndio ninaoukumbuka kwa furaha. Agosti 2016 Nvidia ilileta GTX 1060, 1070 na 1080 za laptopu bila M, na haikuwa mbwembwe. 1060 ya laptopu ilikuwa na viini 1,280, sawa na ya mezani. 1080 ilikuwa na 2,560, sawa na ya mezani. 1070 ya laptopu ilikuwa na viini vingi hata kuliko dada yake wa mezani, 2,048 kwa 1,920. Kwa mara ya kwanza ungeweza kumwambia mtu, nunua yoyote yenye 1060, usihangaike. Laptopu zenyewe zilikuwa nene, nzito, zenye taa nyekundu kama za baa, na chaja yake ukiisahau kwenye begi unadhani umebeba tofali. Hatukujali.

Haikudumu. Mwaka 2017 wakaleta Max-Q: chipu ile ile, lakini imepunguziwa umeme ili iingie kwenye mashine nyembamba. GTX 1080 ya kawaida ya laptopu ilikula wati 150 hivi au zaidi. Ya Max-Q ilipewa kati ya 90 na 110. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Mtu anayepanda daladala kila siku na begi mgongoni ana haki ya kutaka laptopu nyepesi, na jina la Max-Q lilikuwepo kwenye boksi kumwambia alichokubali kukipoteza. Ugomvi wangu ulianza 2021. Kadi za Nvidia za RTX, mfululizo wa 30, zilipofika, neno Max-Q likaacha kuwa alama ya kutofautisha, na kadi moja yenye jina moja ikawa inaweza kupewa umeme wowote kati ya namba mbili zilizoachana mno. RTX 3060 ya laptopu: kuanzia wati 60 hadi 115. RTX 3070: 80 hadi 125. Ni sawa na mafundi wawili wenye cheti kimoja, mmoja anakula ugali na samaki, mwenzake anashindia chai ya rangi. Asubuhi wote watakuambia wanaweza kazi, saa nane mchana ndipo utawajua. Ikawa 3060 iliyoshiba umeme inaikaribia 3070 iliyonyimwa, na wakati mwingine inaipita, huku bei zikisema kinyume. Malalamiko yalipozidi, Nvidia ikawataka watengenezaji wataje wati kwenye kurasa za bidhaa zao. Wengine wanataja. Wengine utazitafuta hadi macho yaume.

Majina nayo yakarudi kule kule kwenye enzi ya M, safari hii bila M. RTX 4090 ya laptopu iliyotoka 2023 ina viini 9,728 na kumbukumbu ya GB 16. RTX 4090 ya mezani ina 16,384 na GB 24. Hizo ni chipu mbili tofauti kabisa zilizopewa jina moja, na anayelipa mamilioni kwa ajili ya namba 4090 anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa hela, si baada.

Kitu kingine kilichobadilika polepole ni bisibisi. Laptopu zangu za mwanzo ziliniruhusu kununua nusu leo na nusu mwakani: unachukua yenye RAM ndogo, mshahara ukitoka unaongeza kipande, baadaye unatoa hadidiski unaweka SSD, na mashine inazaliwa upya. Ndivyo tulivyoishi. ROG Zephyrus G14 ya ASUS ya mwaka 2020, laptopu ya inchi 14 yenye uzito wa kilo 1.6 iliyowashangaza wengi (na ambayo, sijui nani aliamua, haikuwa na kamera), ilikuja na sehemu ya RAM imegandishwa kwenye bodi, lakini ikaacha nafasi moja ya kuongezea. G14 ya 2024 ni nzuri zaidi, nyembamba zaidi, na RAM yote imegandishwa. GB utakazotoka nazo dukani ndizo utakazofia nazo. Kwa mnunuzi wa Tanzania, anayenunua kwa kudunduliza, hilo ni badiliko kubwa kuliko viini vyote nilivyovitaja.

Mpwa wangu alipofaulu na kutaka mashine ya kusomea uhandisi mchana na kuchezea usiku, alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Naomba unisaidie, nataka RTX."

"Marahaba. RTX gani, na kwa kazi gani?"

"Yoyote mjomba, ila iwe RTX."

Tulikwenda naye mtaa wa Aggrey. Muuzaji wa kwanza, kijana mchangamfu, alitutolea mashine yenye RTX 4060. Nikamuuliza inakula wati ngapi. Akanitazama, akakigonga gonga kifuniko, akasema: "Bosi, hii moto wa kuotea mbali." Hakudanganya hata kidogo. Kadi hiyo kwenye laptopu huanzia wati 35 hadi 115, na mashine ile nyembamba yenye matundu madogo nyuma ingekuwa moto kweli kweli. Tukaomba kuona maandishi ya kwenye chaja: 130. Chaja ikiwa na wati 130 kwa mashine nzima, na prosesa inataka fungu lake, kadi haiwezi kupata 115. Hesabu hiyo haihitaji intaneti.

Kioo nacho tulikikagua. Wauzaji wanapenda kutaja kwamba kinabadilisha picha mara 144 kwa sekunde, na ni kweli kinabadilisha, lakini ukisoma karatasi ya sifa unakuta imeandikwa 45% NTSC, yaani rangi zimepauka, jezi nyekundu inaonekana ya waridi. Kwa mtu wa kuchora, mimi ningekubali kushuka daraja moja la kadi kuliko kukubali kioo hicho.

Mwishowe mashine yake ililetwa na ndugu yetu mmoja anayefanya biashara Dubai, aliyeifuata kwenye maduka ya Al Ain Centre kule Bur Dubai. RTX 4060 ya wati 115 safi, nene kidogo, nafasi mbili za RAM, herufi za Kiarabu kwenye kibodi kama zamani.

Kuipanga kulituchukua jioni nzima, na hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wanaoinunua, wanaiwasha, wanaanza kucheza. Tulianza kwa kuondoa programu za majaribio alizozijaza mtengenezaji, kisha draiva mpya. RAM ilikuwa kipande kimoja cha GB 16. Tukaongeza cha pili kinachofanana nacho, kwa sababu viwili vikifanya kazi sambamba prosesa inahudumiwa kwa njia mbili badala ya moja. Halafu tukatafuta swichi ya MUX. Tangu Nvidia ilipoleta mfumo wa Optimus mwaka 2010, kwenye laptopu nyingi picha zinachorwa na kadi kubwa lakini zinapitia kwenye kichipu kidogo cha prosesa kabla ya kufika kwenye kioo. Njia hiyo inaokoa betri na inakula kasi. Swichi hiyo inaikata njia. Kadi inaongea na kioo moja kwa moja. Betri tukaiambia isijae zaidi ya asilimia 80, maana mashine itashinda imechomekwa.

Gemu yake ya mpira tukaiwekea ukomo wa picha 60 kwa sekunde. Mpwa alilalamika: si kioo kina 144? Nikamwambia azisikilize feni kabla na baada. Mpira ule ule, macho hayaoni hasara ya maana, na joto likashuka vya kutosha kwake kuweka viganja kwenye kibodi bila kuviinua. Akaacha kulalamika.

Sasa ameanza kuniulizia za mfululizo wa 50, zilizotangazwa Januari 2025. Nimemwambia wazi: RTX 5070 ya laptopu imebaki na kumbukumbu ya GB 8, kama hiyo 4060 aliyonayo, kwa hiyo hana sababu ya kuhama. Ya kufikiria ni 5070 Ti, yenye GB 12. Ya 5090 aniachie nimuonee huruma anayeilipia kisha anaichezea kitandani juu ya blanketi, matundu yote yameziba.

Nanyi ndugu zangu wauzaji wa Aggrey na Samora, tunawaheshimu na tutaendelea kuja. Ombi ni moja: kwenye ile karatasi ya bei mnayoibandika, chini ya GB, andikeni na wati za kadi.