Kudra na Tahadhari Barabarani

Kila nikihudhuria maziko ya aliyegongwa na gari, nasikia watu wakisema: "Ni kudra." Naam, nami nawafundisha hivyo darasani. Lakini mwaka 2023 watu 4,324 walifariki katika barabara za Kenya, na mwaka 2024 wakafika 4,748. Kundi kubwa zaidi ni la waendao kwa miguu. Mwendo wa kasi na ulevi ni vitendo vya waja, na kila mja ataulizwa juu ya kitendo chake. Basi mwanangu, ndani ya matatu funga mkanda. Kwenye bodaboda vaa helmeti, wala usikubali kupakiwa mshikaki. Dua ya safari tuisome, na dereva anayekimbiza tumkanye. Kutawakali huandamana na tahadhari. Wabillahi tawfiq.