Westigeti ya Ndani na ya Nje: Kumbukumbu za Karakana

Katika miaka ile nilipoingia karakana kujifunza umakanika, kule Mombasa upande wa Makupa, palikuwa na itikadi moja iliyoshikwa na mafundi vijana kama inavyoshikwa imani, nayo ni kwamba turbo yenye westigeti ya ndani ni ya gari la kwendea kazini, na yenye westigeti ya nje ni ya gari la mashindano. Na kila aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa watu wa mbio ilimlazimu awe na kile kidude cha chuma kilichochomoza ubavuni mwa manifoldi na bomba lake peke yake. Itikadi ile haikuzuka bure. Mwaka 1984 Björn Waldegård wa Sweden alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica yenye turbo, gari la kwanza la namna hiyo kupata ushindi katika mashindano yale yaliyoanzishwa mwaka 1953, na Toyota ikarudia ushindi mwaka 1985 na 1986. Tangu hapo kila kilichohusiana na turbo kikawa na hadhi machoni mwa vijana, na kilichoonekana kwa nje kikawa na hadhi zaidi kuliko kilichofichika.

Mzee aliyekuwa mkuu wa karakana yetu, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika injini za dizeli za malori yaendayo bara, hakuyapenda mazungumzo hayo ya hadhi. Ilikuwa ada yake, kila ilipofunguliwa turbo, kuiweka juu ya meza na kutuita tulio chini yake, akatuonyesha kwa kidole yale magurudumu mawili yaliyo katika shafti moja, moja likizungushwa na moshi unaotoka katika injini na la pili likisukuma hewa kuingia humo. Hewa ikizidi, alisema, moto huzidi. Moto ukizidi, moshi nao huzidi. Na moshi ukizidi, gurudumu huongeza mbio tena, hata mwisho wake ni pistoni kutoboka. Kwa sababu hiyo ndipo pakahitajika mlango wa kuupitisha baadhi ya moshi kando, usilifikie gurudumu, nao ndio westigeti. Mlango huo ukiwa wa ndani, ni kifuniko kidogo katika nyumba ya turbo yenyewe, kinachofunguliwa na fimbo itokayo katika kopo lenye kiwambo na springi. Na ukiwa wa nje, ni vali kamili yenye kiti chake, kiwambo chake na springi yake, iliyofungwa katika njia ya moshi kabla haujafika kwenye turbo. Kazi ni ile ile moja.

Akapenda pia kutukumbusha kwamba njia zote mbili zimetumiwa na watengenezaji wenye akili tangu zamani. Mwaka 1962 Wamarekani walitoa magari mawili ya turbo karibu kwa wakati mmoja: Chevrolet Corvair, ambayo haikuwa na mlango wowote, bali ilitegemea wembamba wa njia ya moshi kulizuia shinikizo lisipande mno, na Oldsmobile Jetfire, ambayo mlango wake ulikuwa ndani ya turbo. Baada yake Porsche walipotoa 911 Turbo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, wao waliuweka mlango nje. Basi si kweli kwamba ule wa nje ni mwana mwenye elimu na ule wa ndani ni mzee asiyejua kitu. Ni majibu mawili ya suala moja, na kila jibu lina mahali pake.

Mambo yalianza kubadilika yalipoingia kwa wingi magari yaliyotumika kutoka Japani, Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, hasa baada ya Colin McRae kushinda Safari kwa Impreza mwaka 1997 na jina la gari lile kuwa katika kinywa cha kila kijana. Magari haya yalikuja na westigeti za ndani, nazo zilitosha kabisa maadam gari liliachwa kama lilivyotoka kiwandani. Lakini jambo la kwanza alilolifanya mwenye gari lilikuwa kuondoa eksozi nyembamba na kutia ya inchi 3, na hapo mshale wa geji ya shinikizo, uliokuwa umezoea kusimama mathalan kwenye ba 0.9, ukawa haukubali kusimama tena, bali ukapanda wenyewe kwa kadiri injini ilivyoongeza mizunguko. Sababu yake ni wazi kwa mwenye kutafakari: njia ya nyuma ilipofunguka, moshi ulipata wepesi wa kulipita gurudumu, na tundu dogo la westigeti, lililochongwa kwa ajili ya eksozi ya kiwandani, likawa halitoshi kuupitisha ule uliozidi.

Ikawa kila mwenye dhiki hiyo akimbilia westigeti ya nje ya milimita 38 au 44, aiunganishe kwa kulehemu, na tundu la ndani alizibe. Nakumbuka Impreza moja iliyoletwa kwetu baada ya kazi hiyo kufanywa karakana nyingine, kwa gharama kubwa, na shinikizo bado likipanda vile vile. Mzee aliinama chini ya gari kwa muda mrefu, na alipoinuka alinionyesha kuwa bomba la westigeti lilikuwa limepachikwa wima kabisa, kama herufi T, juu ya bomba lile linalopandisha moshi kutoka pande mbili za injini kwenda kwenye turbo. "Mwanangu," aliniambia, "moshi una mbio zake, hauwezi kukata kona kwa sababu wewe umependa. Uupe mlango mbele ya uso wake." Tulilikata bomba lile, tukalilehemu upya kwa mshazari, likielekea kule moshi unakoelekea, na westigeti ile ile, kwa springi ile ile, ikalishika shinikizo likatulia. Katika juma lile lile, Impreza nyingine haikutiwa kitu cha nje hata kidogo: tundu lake la ndani lilipanuliwa kwa kusagwa, kingo zake zikalainishwa, kikatiwa kifuniko kipana zaidi, nayo ikatulia vile vile.

Lakini lililonigeuza fikra zaidi kuliko yote ni hesabu ya moshi wenyewe. Watu wengi hudhani kuwa anayetaka nguvu nyingi ndiye mwenye haja ya westigeti kubwa, ilhali aghalabu mambo ni kinyume chake. Mwenye turbo kubwa na shinikizo kubwa anauhitaji moshi wake karibu wote kulizungusha gurudumu, na wa kupitishwa kando ni kidogo. Mwenye turbo ndogo katika injini inayopumua vizuri, naye akataka shinikizo dogo, huyo ndiye mwenye moshi mwingi usio na kazi, na ndiye mwenye haja ya mlango mpana.

Nilipohamia Nairobi hesabu hiyo nikaiona kwa njia nyingine. Springi ya westigeti hulipima shinikizo kwa kulilinganisha na hewa ya nje, na hewa ya nje ya Mombasa ni kiasi cha ba 1, ambapo ya Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kiasi cha ba 0.83 tu. Geji ikisema ba 0.8, injini ya Mombasa inapokea jumla ya ba 1.8 na ya Nairobi ba 1.63, na juu ya upungufu huo, turbo ya Nairobi inalazimika kuibana hewa takriban mara mbili, hali ya Mombasa haifiki hapo. Kwa hiyo kule juu gurudumu linadai sehemu kubwa zaidi ya moshi, na westigeti ndogo hutosha. Gari hilo hilo likiteremka pwani, penye hewa nzito, yamkini shinikizo likaanza kupanda, tena katika joto ambalo ni rahisi kwa injini kugonga. Nimewaona wenye magari wakimlaumu fundi wa Nairobi kwa hilo, nami siwezi kusema wanamfanyia insafu.

Tangu hapo mambo yamebadilika tena. Magari mapya mengi yana westigeti ya ndani inayofunguliwa na mota ya umeme kwa amri ya kompyuta, isiyongoja shinikizo lijae ndipo ifunguke, na inayoweza kuwa wazi injini inapowashwa ili moshi ukipashe moto haraka kile chombo cha kusafishia moshi. Vijana wa leo wanaojifunza kazi wanaipokea westigeti ya ndani bila haya ile tuliyokuwa nayo sisi. Ya nje imebaki katika turbo kubwa ambazo nyumba zake hazikutengenezwa na mlango, na katika magari ya mashindano, ambayo springi yake hubadilishwa kwa dakika chache bila kuifungua turbo. Kuhusu wale wanaoiachia bomba wazi lipige kelele mtaani, rai yangu ni kwamba bomba hilo lirudishwe katika eksozi, mbali kidogo na turbo, kwani faida ya kuliacha wazi kwa gari la barabarani ni ndogo na udhia kwa majirani ni mkubwa.

Kwa mwenye Impreza au Lancer ya barabara ya kila siku, ushauri wangu ni huu: akague kwanza kifuniko cha ndani kama hakikupasuka na pini yake kama haikulika, kisha, ikibidi, apanue tundu. Akiona hapana budi kutia ya nje, basi kabla ya kuuliza bei na jina la mtengenezaji, na amwombe fundi amwonyeshe kwa kidole mahali atakapoilehemu.