Kikapu Mdomoni mwa Farasi

Kwetu Kivu farasi ni mgeni. Ng'ombe ndio tunaowajua, hasa sisi tuliokulia karibu na malisho ya Masisi, na tangu utoto tumesikia kwamba mnyama mnene ni sifa ya mwenye kumfuga. Basi nisikilizeni nikiwaeleza kosa nililolifanya Ubelgiji, maana lilinifundisha jambo ambalo sikulipata seminarini.

Mwaka 2019 nilikwenda kule kwa masomo ya miezi michache, nikakaribishwa na mama mmoja mjane katika vilima vya Ardennes. Mama huyo alikuwa na farasi mdogo wa aina ya Shetland. Hilo ni jina la visiwa vilivyo kaskazini ya Uskoti. Farasi wa asili ya huko ni wafupi: kimo chao mabegani hakipiti sentimeta 107. Kwa vizazi vingi waliishi penye baridi, upepo na majani haba, hata miili yao ikazoea kuweka akiba ya kila kidogo walichokipata. Ukimweka farasi wa namna hiyo katika malisho mazuri, atakula mchana na usiku, wala hajui kusema: yatosha.

Farasi yule alikuwa amenenepa mno. Juu ya shingo yake palikuwa na mafuta magumu kama nundu, na hata ukimkandamiza ubavuni kwa vidole hukupata mbavu. Mdomoni alivalishwa kikapu cha mpira, kimefungwa kwa mikanda kichwani, na chini kina tundu dogo. Aliweza kupumua, kunywa maji na kutembea pamoja na wenzake. Lakini majani aliyoyapata ni yale machache tu yaliyopenya tunduni.

Nilipomwona moyo uliniuma. Nikakumbuka sura ya 25 ya Kumbukumbu la Torati, inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Nikauliza, "Mama, huyu amekosa nini?" Akanijibu, "Mwanangu, hakukosa kitu. Kikapu ni dawa yake." Nilinyamaza, lakini sikuridhika.

Mwezi wa tano mama alikwenda kumwuguza dada yake kwa siku tano, akaniachia kazi: asubuhi nimvalishe farasi kikapu, nihakikishe kwamba anakunywa maji, jioni nimvue, nimtazame ngozi kama haikuchubuka, nimrudishe zizini kwenye majani makavu yaliyopimwa. Siku ya kwanza nilitii. Siku ya pili, jua likiwaka vizuri, nikamvua mchana, nikajisemea: acha maskini naye afurahi kidogo. Akala saa tatu nzima bila kuinua kichwa. Nami niliketi kando na kitabu changu, nikijiona mtu wa huruma. Nikafanya hivyo siku ya tatu na ya nne.

Asubuhi ya siku ya tano nilimkuta amesimama mahali pamoja, miguu ya mbele ameinyosha mbele, mwili ameuegemeza nyuma. Nikamvuta, akakataa kutembea. Nikagusa kwato zake: zilikuwa za moto. Hofu ikanishika, nikampigia simu mganga wa wanyama.

Mganga akanieleza hivi. Ndani ya ukwato mna mfupa, na mfupa huo umeshikamana na ukuta wa ukwato kwa nyama nyembamba nyembamba zilizosukana. Majani mabichi yana sukari nyingi, hasa mchana wa jua uliofuata usiku wa baridi. Farasi mnene akiyala sana, damu yake hujaa homoni iitwayo insulini, na nyama zile huumia na kulegea. Zikiachana kabisa, mfupa hugeuka au kushuka, na mara nyingine hakuna njia tena ila kumwua mnyama.

Nikamwuliza kwa nini basi asifungiwe ndani bila chakula. Akasema hiyo ni hatari nyingine: farasi wa aina hii akinyimwa chakula ghafula, mafuta ya mwili humwagika katika damu na yanaweza kumwua, tena tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, likikaa tupu hupata vidonda. Kwa sababu hiyo kikapu kilibuniwa, ili mnyama ale kidogo kidogo, atembee, wala asitengwe na wenzake. Kumbe kile nilichokidhania ni kifungo kilikuwa njia ya kumwacha huru.

Mama aliporudi nilimwambia yote, sikumficha neno. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Uliyahurumia macho yake. Mimi nilikuwa naihurumia miguu yake." Tulimtunza pamoja: barafu miguuni, dawa ya maumivu, maranda mengi ya kulalia, na majani makavu yaliyolowekwa majini ili sukari ipungue. Baada ya majuma mengi alianza kutembea tena, namshukuru Mungu. Siku alipotoka nje, ni mimi niliyemvalisha kikapu.

Nilisoma tena ile sura ya Torati. Ng'ombe yule anafanya kazi, na amri inamlinda asidhulumiwe na choyo cha bwana wake. Farasi wetu hakuwa na kazi, wala hakuna aliyefaidika kwa kumnyima. Hali zao si moja, nami nilizichanganya.

Niliporudi Bukavu nilimkuta baba yangu mzee amepatikana na ugonjwa wa sukari. Mganga alimkataza sukre na kasiksi, lakini wajukuu walimletea kwa siri, na watu wazima tulijifanya hatuoni, maana alifurahi sana akipokea. Jioni ile niliichukua chupa mkononi mwake. Alinitazama kama farasi yule alivyonitazama, na moyo uliniuma vilevile. Lakini safari hii sikuirudisha. Niliketi karibu naye, nikamwagia maji, tukazungumza mpaka usiku.