KAPETI YA MADHABAHU NA PASI YA MOTO

 

Somo letu ni Waefeso 5:25-29. Fungua Biblia yako usome kwanza, halafu urudi hapa.

Ninyi mnaoabudu nasi mmeiona kapeti mpya ya madhabahu. Na wengine mmeniuliza, "Pasta, mbona kiti chako siku hizi kinakaa pembeni kabisa?" Leo nakiri. Kile kiti kinafunika alama, na alama hiyo niliiweka mimi.

Kapeti ilinunuliwa Lodwar kwa michango yenu. Kapeti inatakiwa kusafiri ikiwa imeviringishwa, lakini unajua safari ya kuja huku. Gari lilikuwa limejaa watu na magunia ya unga, kwa hiyo ikakunjwa mara nne, ikafungwa kamba, magunia yakapangwa juu yake. Ilifika Ijumaa jioni. Tulipoifungua ilikuwa na mikunjo iliyosimama kama matuta, mtu angejikwaa.

Jumapili tulikuwa na wageni. Nikaona aibu. Nikawasha pasi ya makaa.

Kapeti hizi za bei yetu nyingi zimefumwa kwa nyuzi za plastiki. Plastiki ya aina hiyo huyeyuka kwenye joto la digrii 160 hivi, na pasi yenye makaa mekundu hufika hapo bila shida. Mkunjo wa kwanza ulipolegea kidogo nikafurahi, nikakandamiza zaidi. Nikasikia harufu. Nilipoinua pasi, nyuzi zilikuwa zimeshikana, ngumu kama ukucha.

Mama mmoja mzee wa kanisa alikuwa anafagia. Akasimama, akaniangalia, akasema, "Pasta, kwani ngozi ya ng'ombe tunainyoosha kwa moto?"

Kila aliyekulia Turkana anajua jibu. Ngozi hutandazwa chini ikiwa bado mbichi, ikavutwa pande zote, ikapigiliwa vigingi, kisha ikaachiwa jua. Ikikauka na mikunjo, huwezi kuilazimisha, itapasuka. Lazima uilowanishe tena ilegee, ndipo uivute.

Basi tukafanya alivyosema. Tuliiviringisha kapeti kinyume, mgongo ukiwa ndani, tukaiacha hivyo usiku kucha. Asubuhi tukaitandaza juani kifudifudi, na jua la Kaikor halihitaji kusifiwa. Ilipopata joto na kulegea tukaiingiza ndani, watu wawili wakaivuta huku na wawili kule. Kwenye kingo na juu ya mikunjo tukaweka mitungi ya maji ya lita 20. Jumapili wageni walikuja, mistari bado ilionekana, na Roho Mtakatifu hakukosa kushuka. Mitungi tukairudisha baada ya ibada. Baada ya wiki mbili kapeti ilikuwa imelala sawasawa.

Mikunjo yote ilitoka. Alama ya pasi haikutoka.

Sasa mpendwa, nisikilize, kwa maana sikuandika haya kwa ajili ya kapeti.

Kuna dada mmoja kati yetu, amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja. Ule ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mbuzi wake. Akabaki na watoto na sufuria. Akaanza kupika pombe na kuuza. Baadaye akaokoka kweli, kwa machozi, lakini aliendelea kupika, kwa sababu watoto walikuwa wanakula kutoka kwenye ile sufuria. Nilipojua, sikwenda kwake. Nilipanda madhabahuni nikahubiri, na kila mtu alijua ninamhubiri nani. Mlisema amina kwa nguvu. Yeye alitoka kabla ya maombi, akakaa miezi mitano bila kurudi.

Usiku ule wa pasi sikulala. Nilifungua Waefeso 5. Mstari wa 27 naujua tangu Chuo cha Biblia: Kristo anajitayarishia kanisa lisilo na kunyanzi. Neno hilo la kunyanzi, katika Kigiriki, linatokea mahali hapo tu katika Agano Jipya lote. Nimelihubiri mara nyingi. Lakini usiku ule nilisoma mistari inayolizunguka. Kabla yake, mstari wa 25 na 26, Kristo anajitoa mwenyewe, kisha anasafisha kwa maji na kwa Neno. Baada yake, mstari wa 29, analilisha kanisa na kulitunza.

Analilisha! Mimi nilitaka mkunjo utoke kwa dada yule, na sikuwa nimeuliza hata mara moja watoto wake wamekula nini.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilikaa chini nikamwomba msamaha. Hakusema mengi. Kina mama wa kanisa walichanga, wakamnunulia unga wa ngano na mafuta, sasa anauza mandazi. Sufuria ni ile ile. Amerudi ibadani, ila anakaa karibu na mlango. Nikihubiri kwa sauti ya juu, namwona akiinamisha kichwa. Hiyo ndiyo alama yangu ya pasi, na hiyo hakuna kiti cha kuifunika.

Mpendwa, dhambi ni dhambi, na sijabadilisha mahubiri. Lakini kabla hujamkemea mtu, jiulize ni magunia gani yalipangwa juu yake njiani. Mzazi, mtoto wako aliyerudi nyumbani amebadilika, usimkandamize siku ya kwanza. Mke, mume wako ameacha pombe wiki mbili tu, usimkumbushe ya mwaka jana. Mlete juani, kwenye Neno. Mshike upande mmoja, na mwingine ashike upande wa pili. Kisha mpe muda.

Na kama ni wewe uliyechomwa na maneno ya mchungaji, labda hata mimi, nisamehe. Rudi. Hata ukikaa karibu na mlango, rudi.

Tuombe: Baba, asante kwa kuwa hukututengeneza kwa haraka. Waponye wale tuliowaumiza tukidhani tunakutumikia. Utupe mikono ya kulisha kabla ya midomo ya kukemea. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kama kuna mtu umemkumbuka ukisoma haya, usiandike jina lake hapa. Mpigie simu leo.

Mchungaji wenu, Kaikor.