Zamu ya Lindo Katika Nchi ya Makorongo

Kikosi kikiwa safarini hakiendi kwa mwendo wa askari aliye mwepesi kuliko wote. Huenda kwa mwendo wa yule aliyechoka. Kanuni hiyo kila aliyevaa sare huijua tangu siku za mafunzo. Mwezi wa Juni 2018 niliiona ikifanya kazi katika jangwa la Arizona, huko Marekani, na mnyonge wa kikosi chetu alikuwa mbwa.

Binti yangu na mumewe wanaishi Phoenix. Walipotualika mimi na mama yake, walikodi gari kubwa lililojengwa kama nyumba, lenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji. Tulikuwa watu wanne pamoja na Chui, mbwa wao mwenye umri wa miaka 11. Kwetu mbwa hulala nje akilinda mlango. Kwao Chui ni mmoja wa jamaa, naye alipewa mahali pake karibu na dereva.

Mwendo wa kilomita 370 hivi kuelekea kaskazini ulitufikisha Grand Canyon. Korongo hilo lina urefu wa kilomita 446 na kina kinachopita meta 1,600, nalo limechimbwa na mto Colorado. Ukisimama ukingoni, mto ule mkubwa huonekana kama uzi. Sheria ya hifadhi ni wazi: mbwa huruhusiwa katika njia za ukingoni, akiwa katika kamba isiyozidi meta 1.8, lakini hateremki korongoni. Basi tuligawana zamu. Wawili walipoteremka, wawili walibaki na Chui. Kabla ya kumtoa nje mchana, mkwe wangu aliweka mgongo wa mkono juu ya lami akahesabu hadi saba. Mkono usipovumilia, nyayo za mbwa hazivumilii.

Ubishi ulizuka tulipofika karibu na mji wa Page, ambako nchi ni ya chini zaidi na joto lilifikia nyuzi 39. Tulikusudia kuingia Antelope Canyon, korongo jembamba katika ardhi ya Wanavajo, ambamo wageni huongozwa na wenyeji wala mbwa haingii.

"Baba, twende sote," alisema binti yangu. "Gari limeungwa na umeme wa kambi, na mashine ya kupoza hewa inafanya kazi. Chui atalala tu."

"Mwanangu," nilimjibu, "mashine si mlinzi. Mlinzi ni yule awezaye kutambua kwamba mambo yamebadilika."

Mkwe wangu alinyamaza, maana si rahisi kuamua kati ya mke na baba mkwe. Mwishowe waliondoka watatu, nami nikabaki. Binti yangu aliondoka amenuna, kwa kuwa ndiye aliyeipanga safari hiyo ili nione korongo lile.

Yapata saa tisa alasiri umeme ulikatika kambi nzima. Katika gari lililofungwa na kuachwa juani, joto laweza kupanda kwa nyuzi 19 katika muda wa nusu saa; na mbwa hapozwi kwa jasho kama sisi, bali kwa kuhema. Hazikupita dakika kumi, Chui akaanza kuhema kwa shida, ulimi nje. Nilimtoa, nikamlaza kivulini nyuma ya ukuta, nikamnywesha maji na kumlowesha tumbo na miguu kidogo kidogo. Umeme ulirudi baada ya saa moja na nusu.

Waliporudi niliwaeleza yaliyotokea. Binti yangu alipiga magoti, akamshika Chui kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, kesho zamu ni yangu."

Kesho yake niliingia korongoni. Kuta za mawe mekundu zimekaribiana, na anga juu ni kama utepe. Humo, tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa maji. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu wa bonde. Maji yakafuata mkondo, yakawakuta ndani.

Nilipotoka nilitambua kwamba mambo hayo mawili yana somo moja. Hatari haikuja kutoka pale macho yalipokuwa yakitazama. Wale wageni waliona anga iliyo juu yao. Sisi tuliona mashine inayozunguka.

Nasi katika safari zetu tunaye Chui wetu: mtoto mchanga aliyelala kitini, bibi asiyeweza kufungua mlango wa gari, au mgonjwa asiyetaka kutusumbua. Yafaa kila familia, kabla ya kufunga mizigo, ijiulize ni nani aliye mnyonge miongoni mwao, na ni nani mwenye zamu ya kukaa naye. Anayebaki lindoni hakosi safari. Ndiye anayewawezesha wote kurudi nyumbani hesabu ikiwa kamili.