Kazi Niitamaniyo

Sisi tulio katika mwaka wa mwisho huulizwa kila siku tutafanya kazi gani. Wenzangu wengi hujibu udaktari au ualimu. Mimi nikisema nataka kuandika programu za kompyuta katika mfuko wa fedha, ule uitwao heji-fandi, watu hunyamaza wakanitazama. Basi nimeonelea vema nieleze.

Mfuko wa namna hiyo hupokea fedha za matajiri, za vyuo vikuu na akiba za wastaafu, ukazinunulia hisa, ngano, petroli au fedha za nchi nyingine, ili upate faida. Wenye kuuendesha huchukua ujira wao na sehemu ya faida hiyo. Hapa kwetu Bugarama jambo hili si geni kabisa. Mchuuzi wa mawese hununua bidoni zake wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, akaziweka ghalani mpaka mawese yaadimike. Ila yeye hukisia kwa habari za sokoni Rumonge, na wale hukisia kwa hesabu. Mwaka 1988 David E. Shaw, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Columbia, alianzisha mfuko wake huko New York, akatafuta mabingwa wa hesabu na kompyuta. Jeff Bezos alifanya kazi humo mpaka 1994, akaondoka akaanzisha Amazon.

Kaka mmoja aliyetutangulia shuleni hapa aliwahi kuhojiwa kwa kazi hiyo huko Ulaya, akatusimulia likizo iliyopita. Kwanza humpigia mtu simu. Kisha humpa swali la programu, naye huandika huku mwingine akitazama kila herufi. Halafu ni siku nzima ya maswali. Huyu akitoka, yule anaingia. Swali moja alituachia. Unarusha dadu, nawe utalipwa faranga kwa hesabu ya alama zitakazotokea. Usiporidhika waweza kurusha mara ya pili, lakini hapo huna budi kupokea zitakazotokea. Je, mchezo huo una thamani ya faranga ngapi?

Tulikaa nalo siku mbili, kwa karatasi na dadu ya mti tuliyoichonga wenyewe. Ukirusha mara moja tu, wastani ni 3.5. Kwa hiyo ukipata 4, 5 au 6 usirudie. Ukipata 1, 2 au 3, rudia. Nusu ya mara utapata wastani wa 5, na nusu nyingine 3.5. Jibu ni 4.25. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha, na umeme wenyewe ulikuwa umezimika!

Lakini yafaa mjue kwamba kazi hiyo si kukisia tu. Ni kuilinda mashine isikosee. Tarehe 1 Agosti 2012 Knight Capital ya Marekani, kampuni ya kununua na kuuza hisa, ilikuwa imeweka programu mpya katika seva zake, na moja kati ya nane ilisahauliwa. Programu ya zamani iliyokuwamo ikaamka, ikanunua na kuuza ovyo kwa muda wa dakika 45, hata hasara ikapita dola milioni 440. Habari hiyo hunivuta kuliko habari za mishahara.

Baba yangu ana michikichi na mtumbwi. Nilipomweleza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na hao wanaokisia bei, mwanangu, hulima nini?” Nikamjibu kwamba hawalimi kitu, lakini mkulima wa ngano aweza kuuza mavuno yake kabla hayajaiva, maana yuko mtu wa kuyanunua na kujitwika hatari.

“Basi aje mmoja anunue mawese yangu kabla hayajaiva,” akasema, akaenda kutazama nyavu zake.

Sikuwa na jibu, wala sijalipata hata leo. Tangu likizo hiyo dada yangu huniandikia bei ya bidoni moja kila siku ya soko, nami huiandika katika daftari lile lile la dadu. Kurasa nne zimekwisha kujaa.