Sikusema Uongo, Lakini Nilimpotosha Mtu

Leo nataka tuzungumze juu ya neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe ni "mislead". Chuoni nililisoma kwa ajili ya mtihani. Maana yake nilikuja kufundishwa na barua.

Mimi ni karani wa parokia. Watu huja kwangu kutaka vyeti vya ubatizo, na vijana huja kuomba barua za kuwashuhudia kwa waajiri. Siku moja alikuja mama mmoja na kijana wake. Meneja wa shamba la kahawa, mgeni asiyejua Kiswahili, alikuwa akitafuta mtunza ghala. Nikaandika kwa Kiingereza: kijana huyu amebatizwa hapa, anaimba kwaya, ni mpole, wala sijamsikia akigombana na mtu. Yote yalikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba alikwisha ondolewa katika ghala la wakulima hapa kijijini, kwa kuwa hesabu ya magunia haikutimia. Hilo sikuliandika. Mama yake alikuwa ameketi mbele yangu, nikaona haya.

Baada ya miezi mitano ikaja barua. Mifuko minne ya mbolea haionekani. Na chini yake: "You misled me."

Moyo ulinichafuka. Nimesema uongo gani? Nikafungua kamusi ili nijitetee. Kumbe kamusi ndiyo iliyonihukumu!

"Lead" ni kuongoza. "Mis" ikitangulia, huonyesha kwamba jambo limefanywa visivyo, kama vile "misspell", kukosea herufi za neno. Basi "mislead" ni kumwongoza mtu visivyo, yaani kumpotosha. Kwa wakati uliopita huandikwa "misled", na hata Waingereza wengine wakilikuta kitabuni hudhani ni neno jingine kabisa.

Sasa tazama matumizi yake. "Lie", kusema uongo, ni kazi ya msemaji peke yake: waweza kusema uongo asipatikane hata mmoja wa kukusadiki. "Mislead" haitimii mpaka mwenzako ameshika njia isiyo sawa. Nasi husema, "Alitaka kunidanganya," kama hatukumsadiki, tukimsadiki, twasema, "Amenidanganya." Tena, mtu aweza kupotoshwa kwa maneno ya kweli, hata kwa kunyamaza. Kibao cha njiani kilichogeuzwa na upepo hupotosha wasafiri, nacho hakina dhambi. Kwa hiyo Mwingereza akitaka kulaumu zaidi huongeza "deliberately", yaani kwa kusudi. Meneja hakuliongeza neno hilo. Dhamiri yangu ililiongeza.

Labda utaniuliza habari za Mtakatifu Athanasio. Husimuliwa kwamba mwaka 362 askari wa Kaisari Yuliano walimfuatia katika mto Nile, wakauliza kama Athanasio yu mbali, wakajibiwa kuwa yu karibu sana. Wakapita mbio wasimtambue. Ni kweli, lakini wale walitaka kumwua. Meneja alitaka kujua tu ampe nani funguo. Naye Athanasio aliokoa maisha yake. Mimi niliokoa haya yangu.

Nilimwandikia meneja kumwomba radhi, nikamweleza yote. Kisha nikaenda kwa yule mama. Hakunikaribisha kiti, na kwa muda mrefu hakuitikia salamu yangu. Kijana mwenyewe alirudi nyumbani. Mara nyingi nafikiri kwamba naye nilimpotosha, maana nilimrudisha penye funguo za ghala kabla hajajifunza kuzitunza. Ningaliweza kumwombea kazi ya shambani, ambayo aliiweza vizuri.

Siku hizi kijana akija, kwanza namsomea kwa Kiswahili yale nitakayoandika. Akikataa, siandiki, nasi twaachana kwa amani.

Wazazi, twazoea kuwauliza watoto wetu, "Je, umesema uongo?" Tuwaulize na hili la pili: "Je, mwenzako ameelewa kweli?"